Shamba Tuliloshinda

Binti yangu Bonifasia amesoma chuo kikuu, na alichosoma kinaitwa Siasa na Sera za Jamii. Nalitaja jina lote kwa sababu mwanzoni lilinitesa. Watu wa kijijini kwetu Litembo waliponiuliza mwanao anasomea nini, nilisema siasa, wakacheka na kuniuliza atagombea lini. Nikisema sera za jamii wananyamaza, maana hakuna aliyejua ni kitu gani, na mimi pia sikujua. Mwalimu tunamjua. Nesi tunamjua, hospitali tunayo pale pale kijijini. Mtu wa sera akiamka asubuhi anakwenda kufanya kazi gani?

Bonifasia alinieleza likizo yake ya kwanza, tumekaa jikoni tunapukuchua maharage. Alisema sera ni namna watu wanavyoamua nani apate nini, nani akose, na kwa sababu gani. Nikamwambia hilo hata sisi tunalo, linaitwa sengu. Alicheka, akanikumbatia na mikono yake imejaa vumbi la maganda, akasema, "Mama, wewe ungekuwa profesa." Nilifurahi kutwa nzima. Mimi ni mtu wa kufurahishwa na kitu kidogo, na hilo limenigharimu.

Sengu, kwetu Umatengoni, ni kikao cha ukoo. Zamani wanaume walikula pamoja nyumbani kwa mkubwa wao, kila nyumba ikipeleka chakula chake, na wakishanawa mikono ndipo wanazungumza mambo: nani kamkosea nani, nani alime wapi mwaka huu. Siku hizi kila mtu anakula kwake, lakini kuamua bado wanaamua. Mkubwa wa sengu yetu alikuwa Mzee Kiliani, baba mdogo wa marehemu mume wangu. Alikuwa na maneno machache na kikohozi kingi, na ukitaka jibu lake ilibidi usubiri kikohozi kipite kwanza.

Mume wangu Jastini aliacha shamba zuri. Liko kwenye mteremko juu ya kijito, udongo mweusi, na alilifungua yeye mwenyewe tulipooana. Ni shamba la ngoro. Asiyejua ngoro aje aone milima yetu, imejaa mashimo kama sega la nyuki. Mvua za masika zikikaribia kuisha, wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza chini kwa mistari inayokatana. Wanawake tunakuja nyuma yao, tunachimba katikati na kuzifunika nyasi kwa udongo, tunapanda maharage juu ya kingo. Maji yakija yanatulia shimoni, udongo haushuki. Kazi hiyo mtu mmoja haiwezi, awe na nguvu namna gani. Kwa hiyo tunaifanya kwa ngokela: leo wote kwangu, kesho wote kwako, na mwenye shamba anapika na kuandaa pombe. Ndivyo nilivyolima kwenye mteremko ule tangu nikiwa bibi harusi. Nililima nikiwa na mimba ya Bonifasia, na nililima nikiwa na nguo nyeusi za msiba.

Mwaka uliofuata baada ya msiba, Ignatio alikuja nyumbani. Ignatio ni kaka mkubwa wa Jastini. Alivua kofia, akakaa, akazungumza habari za mvua mpaka nikajua kuna jambo. Mwishoni akasema shamba la juu mwaka huu atalima Aidan, mwanawe, kwa sababu ameoa na hana pa kulima. Mimi nitapewa kipande cha chini, karibu na mawe.

"Shemeji, wewe uko peke yako," alisema. "Binti yuko chuoni. Kipande kile kinakutosha."

Alisema taratibu kabisa. Ningependa kusimulia kwamba alinifokea, au alikuwa amelewa, hadithi ingekaa vizuri zaidi. Lakini Ignatio hakunifokea. Alinipa kipande cha mawe kwa upole, akavaa kofia yake, akaondoka. Mimi nikabaki na hasira ambayo sikuwa na mtu wa kumtupia, nikaitupia sufuria.

Kesho yake nilikwenda kwa Mzee Kiliani. Ulikuwa mwezi wa nane, kila mtu yumo kwenye kahawa, watu wanachuma, wanamenya, wanaanika, hata yeye na uzee wake alikuwa amekaa kando ya chanja anachambua punje mbovu. Nilimweleza yote. Alikohoa, nikasubiri. Kisha akasema, "Subiri tumalize kahawa, mwanangu. Kahawa ikiisha tutakaa." Akaendelea kuchambua. Hayo tu ndiyo aliyosema, na maneno hayo nimeyageuzageuza kichwani mpaka yamechakaa.

Wiki hiyo hiyo Bonifasia akafika likizo. Alikuwa amemaliza mwaka wa kwanza. Sijui kwa wengine, lakini kwa mwanangu mimi, mwaka wa kwanza wa chuo ulikuwa kama homa. Kila kitu alikiona upya. Alitutazama tukiteka maji, akasema kuna suala la mgawanyo wa kazi. Alimsikiliza padre kanisani, akaniambia njiani kwamba mahubiri yale yalikuwa na itikadi ndani yake. Nilikuwa nacheka, na ndani kwa ndani najiona nimezaa. Basi nilipomweleza habari za shamba, aliweka kikombe chini akasimama.

"Mama, hapo hakuna hisani ya mtu. Ni haki yako. Sheria iko wazi."

"Mzee Kiliani amesema nisubiri. Watakaa."

"Watakaa kina nani? Wanaume watupu, wote wa upande wa baba. Nani atakusemea humo?"

Alisema kweli. Katika sengu mwanamke anasemewa, na aliyekuwa akinisemea ndiye tuliyemzika. Mtu asije akadhani mwanangu alidanganya au alikuwa mjinga. Kila neno alilosema siku ile nikilirudia leo bado ni kweli.

"Basi tusubiri kahawa iishe," nikasema. "Wakiamua vibaya, tutakwenda huko kwenye sheria."

"Kahawa ikiisha mimi nitakuwa nimerudi chuo. Twende sasa, wakati nipo."

Nami nikakubali. Sikukubali kwa sababu ya sheria. Nilikubali kwa sababu alisema "twende", na tangu baba yake afe hakuna mtu aliyekuwa ameniambia twende. Tulivaa vitenge vyetu vya kufanana, tukapanda bodaboda mpaka Mbinga, tukaingia ofisi za baraza la ardhi. Bonifasia alieleza, bwana mmoja mpole akaandika, mimi nikatia saini. Tulipotoka tulikula chipsi karibu na stendi ya mabasi, kitu ambacho sikuwahi kufanya maishani mwangu, yaani kukaa mezani mjini na binti yangu msomi na kula chipsi kwa uma. Niliona raha sana siku ile. Naikumbuka raha ile na inaniuma.

Hukumu ilitoka mwezi wa pili. Bonifasia alikuwa amerudi chuoni Dodoma. Baraza lilimsikiliza Ignatio, likanisikiliza mimi, likasema shamba ni langu, na mtu asiniingilie. Walitenda haki, siwezi kuwasema vibaya. Nilimpigia simu mwanangu nikiwa bado kwenye ngazi za ofisi, akalia kwa furaha, akaniambia atawasimulia wenzake kwenye semina. Baadaye akanipigia tena kwamba mhadhiri wake amesema mama huyo ni mfano. Mimi, Restituta, mfano. Nilirudi Litembo nimeketi nyuma ya bodaboda nimenyoosha mgongo kama mke wa waziri.

Nilipopita kwa Ignatio nilimkuta anapogolea mibuni. Nilishuka, kwa sababu adabu ni adabu.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, Mama Bonifasia. Hongera."

Akarudi kwenye mibuni yake. Nilingoja aseme zaidi, hata tusi.

Mwezi wa tatu ukafika, wakati wa kufyeka. Nilipita nyumba kwa nyumba kuomba ngokela kama miaka yote. Hakuna aliyenikatalia. Mmoja alisema mgongo unamsumbua, mwingine mtoto ana homa, mwingine akasema "tutaona, dada, Mungu akipenda." Kunigunda, mke wa Ignatio, ambaye tuliolewa wote katika ua mmoja na tukazalishana kwa mikono yetu, aliniambia wana shughuli siku hiyo. Niliandaa hivyo hivyo. Nilipika makande na nyama kidogo, pombe nilikuwa nimeitengeneza mapema, ikaiva vizuri kuliko mwaka wowote. Asubuhi nilikwenda shambani nikasimama na jembe langu. Jua likapanda. Chini njiani niliona watu wanapita na majembe, wanakwenda kwa Aidan, walikuwa wanamlimia kile kipande cha mawe. Waliponiona walinisalimu kwa mikono. Sikupata kuona watu wenye adabu namna ile.

Jioni nikamwaga pombe. Nilimwagia migomba, na nilikuwa nalia kwa sauti, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kunisikia.

Kitu kinachonikasirisha mpaka leo ni kwamba hawakunitenga hata kidogo, ukiwauliza. Jumuiya ndogo ndogo ilikuja kusali nyumbani kwangu zamu yangu ilipofika. Waliimba vizuri, wakaniombea mjane wa Bwana, wakanywa chai. Kanisani walinipa amani kwa mikono miwili. Lakini kuchimba nami shimo moja hapana. Nilikuwa nimepeleka jambo la ukoo Mbinga kabla ukoo haujanawa mikono, na kwa hiyo walinielewa hivi: kama ninalo baraza linalonitosha, basi na jembe ninalo linalonitosha.

Bonifasia alipopiga simu kuuliza kilimo kinaendaje, nilisema kinaendelea. Alikuwa na mitihani. Nikamwambia tu kwamba mwaka huu nataka vibarua kidogo, akanitumia sehemu ya fedha zake za mkopo wa chuo, mtoto yule, akala ugali na dagaa mwezi mzima. Nikapata vijana wawili kutoka upande wa Songea waliokuwa wanatafuta kazi mjini Mbinga. Vijana wazuri, wenye nguvu. Lakini ngoro hawakuijua. Kwao kuna tambarare, wanalima matuta, basi wakanipigia matuta marefu yaliyonyooka kutoka juu mpaka chini. Nilisimama pembeni nikaona kabisa kwamba hivi sivyo. Niliwaambia, wakasema mama, hiki ndicho kilimo cha kisasa, na mimi nilikuwa nimechoka. Nikasema sawa.

Mvua kubwa ilikuja wiki ya Pasaka. Maji yalishika ile njia yaliyotengenezewa, yakashuka nayo mbio, yakabeba udongo mweusi wa Jastini na mbegu zangu, yakaenda kuumwaga chini. Na chini pale ndipo Aidan alipokuwa amepanda miche yake ya kahawa. Nilipofika asubuhi nilimkuta amepiga magoti kwenye tope anaifukua kwa vidole, mche mmoja mmoja, na mke wake anabeba maji ya kuiosha. Aidan nimembeba mgongoni. Alinitazama akasema, "Shikamoo, mama mdogo," akaendelea kufukua. Nami nikapiga magoti nifukue naye, mke wake akaniambia kwa sauti ya chini, "Acha tu, mama. Utachafuka."

Nilikwenda kwa Ignatio siku ile ile. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi kwa heshima zote. Nikamkuta barazani kwake, nikapiga goti, nikasema shemeji nimekosa, naomba sengu ikae, nitalipa kitakachoamuliwa. Ndipo kwa mara ya kwanza nikaona kwamba yeye pia ameumia, macho yake yalikuwa mekundu.

"Hatuwezi kukaa, shemeji," alisema. "Shamba lile siyo la sengu tena. Tukiligusa tutakuwa tumevunja amri. Nenda kwa waliokupa."

Niliinuka nikaondoka. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Nilishuka ziwani mwezi wa sita. Mdogo wangu Veneranda ameolewa Lundo na Mnyasa, na miguu yake inavimba, kwa hiyo nilikuwa na sababu nzuri ya kumwambia kila mtu. Nilimwambia na Bonifasia: nakwenda kumsaidia mama yako mdogo. Akasema una moyo mzuri, Mama. Tangu hapo niko Lundo. Ninaanika usipa, dagaa wa huku, kwenye mchanga, ninafukuza kuku na kunguru, ninalima mihogo ambayo haitaki mtu aje kwako alfajiri na jembe, unaichomeka tu inaota. Joto la huku silizoei. Mtu wa milimani ukimleta ziwani anaiva kabla ya wakati wake. Shemeji yangu wa huku ni mtu mwema, ananitania kwamba Wamatengo tunatembea tumeinama hata kwenye tambarare, na ninacheka naye. Malaria nimeshaizoea. Kitu nisichozoea ni mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu ukifika mikono inawasha.

Mzee Kiliani alifariki Kwaresima iliyofuata. Habari nilizipata kwa kondakta wa basi, na mzee alikuwa ameshazikwa. Nililia kwa ajili yake, na nililia pia kwa ajili yangu, kwa sababu sasa hakuna tena wa kuniambia wangeamua nini ile kahawa ilipoisha. Labda wangenipa kipande cha mawe. Labda Mzee angekohoa, akamwambia Ignatio mwache mjane alime alipozoea. Sijui. Ningekuwa najua kwamba wangeninyima, leo ningekuwa na amani.

Wakati huo Bonifasia alikuwa mwaka wa mwisho, anaandika utafiti wake. Alichagua kuandika juu ya wajane na ardhi, na mfano wake wa kwanza ni mimi. Alikuwa ananipigia simu kunihoji, mimi nimekaa kando ya chanja za usipa, na alibadilisha sauti akawa ananiita mshiriki. Aliniuliza kama baada ya hukumu maisha yangu yamebadilika. Nikasema yamebadilika. Akauliza ni kwa kiwango gani, kidogo, wastani au sana. Nikasema sana. Akasema asante, Mama, hilo ni jibu muhimu. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia pale pale. Lakini nilimsikia anavyogonga herufi kwenye kompyuta yake kwa haraka na furaha, nikaona nimwache apite, akishafaulu nitamwambia.

Alifaulu vizuri sana. Mahafali sikwenda, nilikuwa kitandani na malaria, lakini aliniletea picha. Alikuja Lundo mwezi wa kumi na mbili, amenenepa kidogo, amevaa miwani. Alinipa habari kwamba shirika moja huko Dodoma linataka kuchapisha utafiti wake katika kijitabu, na huenda likamwajiri.

"Wanataka picha yako ukiwa shambani kwako, Mama," alisema. "Itakaa juu kabisa, kwenye jalada."

Nilimwambia njia ni mbaya, mvua, mgongo, miguu ya Veneranda. Yote aliyapangua, kwa kujadiliana sasa hashindiki. Usiku ule nilimwomba Mama Bikira basi ligome. Halikugoma. Asubuhi tulipanda basi la Mbinga, tukapanda ule mlima wote kutoka ziwani, na hewa ilivyoanza kupoa nikasikia kifua changu kinafunguka kama cha mtu aliyetoka hospitali. Nilisahau kuogopa mpaka tulipofika Litembo.

Huwezi kwenda shambani bila kupita nyumbani kwa wakubwa kusalimu, kwa hiyo tulianza kwa Ignatio. Walitupokea vizuri. Ignatio amezeeka, kofia ni ile ile. Bonifasia aliamkia kila mtu, wakampongeza kwa shahada yake, na walikuwa wanampongeza kwa moyo. Kunigunda alitoka ndani amebeba kiti cha sebuleni, kile chenye kitambaa cha kufuma mgongoni, akakiweka barazani, akakipangusa kwa upande wa khanga yake.

"Karibu kiti, Mama Bonifasia."

Nikakaa. Wanawake wengine walikuwa wameketi kwenye mkeka, wanachambua mboga. Kisha akaniletea soda kwenye sinia, na glasi, akapiga goti kidogo aliponipa. Nikaishika kwa mikono miwili. Sikuweza kuinywa, na sikuweza kuiweka chini.

"Shamba lako tumekuwa tukililima, shemeji," Ignatio akasema. "Tulikaa tukaona tukiliacha litatushushia udongo wote. Tulirudisha ngoro. Maharage yako yapo ghalani, Kunigunda amekuwekea. Mahindi nayo yakivunwa tutakuletea taarifa. Hatujachukua kitu cha mtu."

Nikasema asanteni sana. Bonifasia alikuwa amefungua simu yake, nadhani alitaka kuandika maneno yale, kwa sababu kwa masikio ya mtu aliyesoma maneno yale ni mazuri. Kisha, bila kufikiri, kwa sababu amekulia pale, alivua viatu, akafunga khanga kiunoni, akaelekea jikoni ili asaidie kupika. Kunigunda alimwahi mlangoni. Hakumzuia kwa ukali, alimshika mkono tu.

"Kaa na mama yako, mwanangu. Umechoka na safari. Wageni hawapiki."

Bonifasia alisimama pale mlangoni. Niliona mgongo wake tu. Alikuwa ameshika khanga pale alipoifungia, na taratibu akaifungua. Alipogeuka alitazama mkeka, akatazama kiti changu, akatazama soda mkononi mwangu haijaguswa. Chuo hakikumfundisha kusoma kiti, lakini mimi nilimfundisha, akiwa mdogo, katika ua ule ule. Akaja akakaa kwenye ukingo wa baraza karibu na miguu yangu, akavaa viatu vyake.

Tulikula chakula kizuri, walituchinjia kuku. Baadaye tukapanda shambani wawili tu. Lilikuwa limependeza. Ngoro zimechimbwa sawa sawa, kingo zimenyooka, mahindi yamefika magotini. Hata ule mfereji uliochimbwa na mvua ya mwaka ule walikuwa wameuziba. Nilitafuta kosa, ili nipate la kusema, sikuliona. Bonifasia aliniambia nisimame katikati. Alinyanyua simu, akaishusha, akainyanyua tena.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na mitihani."

"Mitihani iliisha, Mama."

"Baadaye ulikuwa unaandika."

Akalia. Alilia kama alivyolia utotoni, mdomo wazi, miwani ikajaa ukungu. Alisema atazifuta kurasa zote zinazonihusu, ataliambia lile shirika kwamba alikosea. Nikamwambia asifute, ulichoandika hakina uongo, shamba ni langu na sheria ilinipa, na kuna mjane mahali ambaye hana hata hilo. Nilisema hivyo kwa sababu mimi ni mama yake. Nikitaka kusema ukweli wangu, ningetaka afute, afute mpaka ile siku ya chipsi, turudi jikoni tupukuchue maharage na kungoja kahawa iishe. Lakini hilo siyo jambo la kumwambia mtoto anayelia katikati ya mahindi ya watu.

"Nisamehe," akasema.

"Nimekusamehe," nikasema, na nilimsamehe. "Piga picha, mvua inakuja."

Akapiga. Sijui kama ataitumia. Nimeiona kwenye simu, nimesimama wima, nimetabasamu, na nyuma yangu mteremko wote ni wa kijani. Nimependeza, hata mimi nakubali.

Tulipoteremka bodaboda alikuwa ameshafika, Ignatio ndiye aliyemwita. Walifunga gunia la maharage nyuma ya pikipiki. Kunigunda alitusindikiza mpaka barabarani, kama inavyopasa, ameshika mkono wangu njia nzima. Nilitaka aseme kitu kibaya. Nilitaka aniulize kwa nini nilifanya vile, ili nami nimwulize kwa nini hakuja siku ile ya pombe, tugombane hapo hapo barabarani kama tulivyokuwa tunagombana zamani kwa ajili ya kuku na kuni. Tulifika barabarani akauachia mkono wangu.

"Karibuni tena," akasema.

Miaka yote niliyoishi pale hakuna aliyewahi kuniambia hivyo, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kutokea. Bonifasia alinitazama kuona nitajibu nini. Nikajibu kama wageni wanavyojibu, kwamba asante, tutakaribia, tukapanda pikipiki.